Je, seva yako ni proksi ya kila mpita njia? Namna ya kukagua

Mpwa wangu anaendesha saiba ndogo Sio Port, kaunti ya Busia. Usiku mmoja baada ya Isha alinipigia simu.

"Assalamu alaykum mjomba. Tangu juzi kila mteja akifungua Google anaonyeshwa picha, achague zenye taa za barabarani, athibitishe kwamba yeye si roboti. Na barua pepe za chama cha wavuvi tunazowatumia kutoka hapa zinarudi."

"Waalaykum salaam, mjomba. Ni kompyuta moja au zote?"

"Zote. Hata simu zilizo kwenye Wi-Fi yangu."

Hapo nikajua shida haiko kwenye kompyuta za wateja. Saiba nzima hutokea kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP, na anwani hiyo ilikuwa imeshaharibiwa jina. Tulipochimba tukakuta aliyeiharibu ni seva yake mwenyewe, kompyuta ya zamani iliyofungwa Linux na kuwekwa chini ya meza, yenye tovuti ya bei za samaki. Seva hiyo ilikuwa ikibeba maombi ya watu wasiojulikana na kuyapeleka duniani kwa jina la saiba. Kitaalamu huitwa proksi iliyo wazi.

Naandika haya kwa sababu huku kwetu Mombasa, Malindi na Lamu maduka, madrasa na ofisi nyingi sasa zina seva zao, ama za chini ya meza kama hiyo ama za kukodi mtandaoni, na wenyewe hawajawahi kuzikagua hata mara moja. Ukaguzi wenyewe ni wa dakika tano.

Kwanza niwaelekeze wasiofika huko. Sio Port iko Samia, ukingoni mwa Ziwa Victoria, karibu na mahali Mto Sio unapoingia ziwani. Rafiki zangu wa Mombasa wakilisikia jina hucheka: bandari gani hiyo inajikana yenyewe? Lakini ni pwani kama pwani nyingine, kuna mitumbwi, omena wanaanikwa, na ng'ambo ya maji ni Uganda. Mji wa Busia uko kaskazini yake, na Malaba iko mbele zaidi. Makontena yanayotoka Kilindini kwenda Kampala hupita Malaba au Busia, na intaneti nayo hufuata mkondo huohuo: nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, ndizo zinazolisha faiba inayokwenda hadi mpakani na kuvuka.

Busia ina mfano mzuri wa kueleza proksi ni nini. Neno bodaboda lenyewe linasemekana kuzaliwa pale, na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda. Chukulia mwenye baiskeli amepewa gunia na mtu asiyemjua. Akisimamishwa, afisa wa forodha anamwona yeye, anachukua kitambulisho chake yeye, na mwenye gunia yuko zake kibandani anakunywa chai. Proksi hufanya kazi hiyo. Inapokea ombi la mtu, inakwenda nalo kwenye tovuti anayoitaka, na tovuti hiyo inaona anwani ya proksi tu. Si kosa kuwa na proksi. Shule huwa nazo, benki huwa nazo. Balaa huanza pale baiskeli inapobeba gunia la yeyote bila mwenyewe kujua kwamba imetoka nyumbani.

Kuna aina mbili na lazima tuzitenganishe, kwa kuwa kosa la Sio Port lilizaliwa hapo. Ya kwanza naiita proksi ya kutokea: watu wa ndani, kama wateja wa saiba, hupitia humo kwenda nje. Ya pili ni proksi ya kupokelea: hukaa mlangoni, hupokea wageni kutoka nje na kuwapeleka kwenye mashine fulani ya ndani, basi. Kwenye Apache, ambayo ni programu ya seva inayotumika sana, ya kupokelea huwekwa kwa amri ya ProxyPass. Ya kutokea huwashwa kwa mstari mmoja:

ProxyRequests On

Fundi aliyemfungia mpwa wangu mitambo alitaka ile ya kupokelea, ili mgeni anayekuja kutazama kamera za duka apelekwe kwenye kisanduku cha kamera. Aliandika ProxyPass, sawa. Kisha akaongeza ProxyRequests On juu yake, akidhani bila hiyo proksi haitafanya kazi. Haihitajiki hata kidogo. Apache yenyewe huja ikiwa Off, na ProxyPass hufanya kazi vizuri ikiwa Off. Kwa neno hilo moja la herufi mbili, seva iliacha kuwa bawabu wa duka ikawa chombo cha kila mtu. Simlaumu sana fundi. Maelekezo mengi yanayosambazwa yamenakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mwingine, na mstari huo umo.

Mpwa wangu wazo lake la kwanza lilikuwa la mpakani: "Ni wa ng'ambo hawa mjomba, wanatafuta njia." Si wazo la kipuuzi. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za huko kwa siku kwa kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine, na watu wakakimbilia VPN na proksi. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, Facebook ilifungwa, kisha jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Ile tozo iliondolewa mwaka huohuo ikawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Kwa hiyo watu wa mpaka ule wanajua maana ya kutafuta njia, nami simwoni mkosefu mtu anayetaka kumjulia hali mamake.

Lakini tulipozifungua kumbukumbu za seva, anwani nyingi hazikutoka Uganda. Zilitoka kila pembe ya dunia, saa zote. Hizo si za watu walioketi mbele ya kioo, ni programu zinazogonga milango. Anwani za IP za mtindo wa zamani, ambazo ndizo nyingi tunazotumia, hazizidi bilioni 4.3. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap iliyoweza kugonga mlango mmoja wa kila anwani hizo kwa chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja yenye laini nzuri. Basi usijidanganye kwamba Sio Port ni mbali na hakuna anayeijua. Hakuna aliyeichagua; iligongwa kama nyumba nyingine zote, na ilipojibu ikaandikwa kwenye orodha za proksi za bure, ambazo watu husambaziana.

Anza na kumbukumbu. Kwenye Ubuntu na Debian, kumbukumbu za Apache ziko /var/log/apache2/access.log. Ombi la kawaida la mgeni wa tovuti yako huanza na mkwaju, hivi:

"GET /bei.html HTTP/1.1" 200 8412

Ombi la anayetaka kukufanya proksi hubeba anwani kamili ya tovuti ya mtu mwingine, au huanza na neno CONNECT:

"GET http://www.example.com/ HTTP/1.1" 200 8412
"CONNECT www.example.com:443 HTTP/1.1" 405 312

Kuyatafuta yote kwa mpigo, andika:

grep -E '"(GET|POST) https?://|"CONNECT ' /var/log/apache2/access.log

Hapa ndipo wengi hutishika bure, na wengine hutulia bure. Kuona mistari hiyo hakumaanishi kwamba seva iko wazi. Karibu kila seva iliyo hadharani hugongwa namna hiyo. Kinachokuhusu ni jibu, ile namba ya tarakimu tatu baada ya alama za kunukuu. 403, 404 na 405 ni za kukataa. Sasa ukiona 200, ambayo ni "sawa, chukua", bado usipige mayowe. Kanuni za HTTP zinaitaka seva ikubali ombi lililoandikwa kwa anwani kamili. Apache ambayo si proksi hupuuza lile jina la mbele, ikatazama njia tu, ikatoa ukurasa wake yenyewe, na kuandika 200. Mgongaji aliomba ukurasa wa watu, akapewa bei za sangara na ngege za Sio Port.

Namna ya kutofautisha ni namba ya mwisho, ukubwa wa jibu kwa baiti. Kama ukurasa wako wa kwanza ni baiti 8412, na maombi yote ya ajabu yamejibiwa 200 yenye 8412, basi wamepewa ukurasa wako, umesalimika. Kama ukubwa unabadilika kila ombi, 1256, mara 48,903, mara 310, mara laki na ushei, seva yako inaleta kurasa za watu. Kwa mpwa wangu zilikuwa za kubadilika. Tulitazamana kimya kwenye video.

CONNECT nayo ina mtego wake. Hiyo ni amri ya kuomba njia ya moja kwa moja, kama bomba, na hutumika kwa tovuti za https. Ikijibiwa 200 mara nyingi ni habari mbaya. Lakini kuna seva zenye PHP ambazo huishughulikia amri wasiyoijua kama ombi la kawaida, zikatoa ukurasa wao na kuandika 200 vilevile. Ndiyo maana kumbukumbu peke yake haitoshi kukata hukumu, iwe ya kukutia hatiani au ya kukusafisha. Itakupasa uigonge seva yako kwa mkono wako.

Jaribio hili ulifanye ukiwa nje. Nasisitiza, kwa sababu ndilo kosa la pili niliona likifanyika. Ukikaa ndani ya saiba, kwenye mtandao uleule, seva inaweza kukuruhusu kwa kuwa wewe ni mwenyeji, ukadhani iko wazi kwa wote. Au ruta ikakugeuza njiani ukapata jibu lisilo la kweli. Zima Wi-Fi ya duka, washa data ya simu, unganisha kompyuta na simu. Mpwa wangu alifanya ujanja ambao sisi wa Pwani hatuna: alitumia laini ya Uganda, maana simu pale hushika mnara wa ng'ambo bila kubembelezwa. Nje zaidi ya hapo unataka wapi?

Chombo ni curl. Linux nyingi unayo, na Windows 10 imekuja nayo tangu 2018. Ifungue kwa cmd, na kama uko PowerShell andika curl.exe, kwani ukiandika curl tupu huenda ukapata kitu kingine. Mwenye simu ya Android pekee aweke Termux. Kisha, ukiweka anwani yako ya hadharani badala ya hii ya mfano:

curl -v -x http://203.0.113.25:80 http://www.example.com/

Maana yake: nenda kwenye mashine hiyo, mlango wa 80, uiombe ikuletee ukurasa wa example.com. Jina hilo limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, halimsumbui mtu. Ikikuletea ukurasa ulioandikwa Example Domain, seva yako iko wazi, hapana mjadala. Ikikuletea ukurasa wako wewe, au 403, au 404, mlango huo uko salama kwa ombi la aina hiyo. Ikikaa kimya mpaka ikate, kuna faiawoli imekuzuia, au mlango hauna mtu.

Rudia kwa https, ili ujaribu CONNECT:

curl -v -x http://203.0.113.25:80 https://www.example.com/

Hapa utakalo ni curl ilalamike kwamba imekataliwa, kwa kawaida na 405, 403 au 400. Ukiuona ukurasa wa mfano, bomba liko wazi. Bomba ni baya zaidi kuliko lile la kwanza, kwa kuwa mwenye proksi hawezi hata kuona kinachopita ndani yake. Na likiachwa liende mlango wowote, watu hulielekeza mlango wa 25, wa barua pepe, wakamwaga barua taka kwa jina lako. Barua za chama cha wavuvi zilikuwa zikirudi kwa sababu hiyo: anwani ya saiba ilikuwa imeingia kwenye orodha za wamwaga taka, kama ile ya Spamhaus, ambazo seva nyingi za barua huziuliza kabla ya kupokea.

Jaribio la tatu watu hulisahau, nami naliona ndilo la hatari kuliko yote. Iombe seva ikupeleke ndani ya nyumba yako mwenyewe:

curl -v -x http://203.0.113.25:80 http://192.168.1.1/

Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu, hazifikiki kutoka mitaani. Lakini seva iko ndani. Ikiwa ni proksi ya kila mtu, mgeni aliye mbali hufika nayo kwenye ruta yako, kwenye kamera, kwenye kompyuta ya mhasibu. Pale Sio Port jaribio hili lilirudisha ukurasa wa kuingilia wa ruta, na nywila ya ruta ilikuwa bado ile ya kiwandani. Katika mashine ya mezani kulikuwa na nakala za vitambulisho za wateja waliokuja kuomba vyeti na kulipa ushuru wa bidhaa mpakani, zimeachwa kwenye folda iliyo wazi kwa mtandao wa ndani. Hatukuona dalili kwamba zilichukuliwa. Mpwa wangu alizifuta usiku uleule, akaniambia hakulala mpaka adhana ya Alfajiri.

Usiishie mlango wa 80. Ujaribu pia 443, 8080, 8888, na 3128 ambao ni wa Squid. Ukitaka kujua seva yako imefungua milango gani, ingia ndani yake uandike sudo ss -tlnp, ikupe orodha. Mlango wa 1080 ni wa proksi za aina ya SOCKS, na amri yake ni:

curl -v -x socks5://203.0.113.25:1080 http://www.example.com/

Kisha badili socks5 iwe socks4, kwa sababu ninayoifikia sasa hivi.

Ruta za MikroTik zimejaa Kenya nzima. Kampuni ndogo za intaneti, hoteli na saiba huzipenda kwa bei na uwezo. Mwaka 2018 ufa ulipatikana kwenye sehemu yake ya Winbox. Watengenezaji waliuziba mwezi wa Aprili, lakini wenye ruta wengi hawakusasisha. Kufikia Septemba watafiti walihesabu zaidi ya ruta laki mbili duniani ambazo wahalifu walikuwa wamewasha ndani yake proksi ya Socks4, wenyewe hawana habari. Kwa hiyo unaweza kuikagua seva ukaikuta safi, na proksi ikawa kwenye kisanduku kile cha ukutani. Kwenye MikroTik fungua IP kisha Socks, na IP kisha Web Proxy. Vyote viwe vimezimwa kama huna sababu ya kuviwasha. Ukivikuta vimewashwa na hukuwasha wewe, usizime tu ukaondoka: mtu alishaingia. Sasisha, futa mipangilio yote uanze upya, na badilisha nywila.

Jaribu seva yako tu, au ya mtu aliyekuruhusu. Kumgongea jirani ili umsaidie ni nia nzuri inayoweza kukufikisha kituoni.

Kabla hujafunga chochote, nakili kumbukumbu mahali pengine. Ubuntu kwa mpangilio wake wa kawaida hufuta kumbukumbu za Apache zilizopita wiki mbili. Afisa akija mwezi wa tatu akasema anwani hii ilitumika kujaribu kuingia kwenye akaunti za watu, utamwonyesha nini? Ndani ya faili hizo kuna anwani za waliopita kwako na saa walizopita, na huo ndio ushahidi pekee kwamba gunia halikuwa lako. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta aripoti mashambulizi ndani ya saa 24, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kituo cha kupokea taarifa hizo, KE-CIRT. Nimesikia wenye biashara wakisema kuripoti ni kujichongea. Mimi naona kinyume: anayefika kwanza na kumbukumbu zake mkononi husikilizwa kuliko anayefuatwa.

Kufunga ni kazi ndogo. Kwenye Apache badili iwe ProxyRequests Off, acha ProxyPass zako kama zilivyo, kisha sudo systemctl reload apache2. Kama huna haja ya proksi kabisa, ondoa moduli zake kwa a2dismod, ukianza na proxy_connect. Angalia pia kanuni za RewriteRule zenye [P] mwishoni. Mwaka 2011 Apache walitoa tahadhari kwamba kanuni kama hii

RewriteRule ^(.*) http://192.168.1.20$1 [P]

inaweza kudanganywa ikapeleka ombi kwenye mashine nyingine, kwa kuwa hakuna mkwaju baada ya namba ya anwani. Weka mkwaju kabla ya $1, na usasishe Apache yenyewe.

Wa Nginx wako salama zaidi, kwani haina proksi ya kutokea kwa kawaida. Watu hujitengenezea wenyewe kwa kuandika proxy_pass http://$http_host, yaani mpeleke mgeni popote alipotaja. Andika anwani ya mashine yako ya ndani badala ya hiyo.

Squid ndiyo ya saiba. Wenye saiba waliiweka zamani ili kurasa zinazofunguliwa mara nyingi zihifadhiwe na data isiliwe mara mbili. Siku hizi tovuti nyingi ni https na faida hiyo imepungua sana, lakini Squid zimebaki, hakuna anayekumbuka kuzizima. Ndani ya squid.conf tafuta mistari ya http_access. Squid huisoma kutoka juu kwenda chini, ikikutana na unaolingana husimama hapohapo. Kwa hiyo "http_access allow all" ikiwa juu, hata ukiweka "deny all" kumi chini yake ni kazi bure. Itakiwayo ni kuruhusu mtandao wa ndani kwanza, kisha kumalizia na http_access deny all. Na http_port uifunge kwenye anwani ya ndani, kwa mfano http_port 192.168.1.10:3128, isionekane nje kabisa.

Ukimaliza, rudi nje, rudia majaribio yote tangu la kwanza. Usiamini kwamba umefunga kwa sababu umeandika. Mara ngapi tumehariri faili isiyosomwa na seva? Ukishahakikisha, ndipo uombe anwani yako iondolewe kwenye orodha za barua taka. Ukiomba kabla, itatolewa na kurudishwa, na mara ya pili huwa ngumu.

Mpwa wangu alipofunga alinipigia tena asubuhi yake, ana wasiwasi upya: maombi hayajakoma, kumbukumbu zinajaa vilevile. Nikamwambia ayatazame majibu, si maombi. Anwani yake imeshaandikwa kwenye orodha za watu, na orodha hizo hazifutwi kwa haraka. Itagongwa kwa wiki nyingi. Barua za chama cha wavuvi zilianza kupokelewa siku ya tisa. Zile picha za taa za barabarani zilichukua muda zaidi kidogo. Jumatatu ya juzi alinitumia picha ya kioo: maombi 1,140 tangu usiku wa manane, yote 403.